Mbuni chini ya mbuni

Jumapili moja, vitumbua vikiwa bado vya moto, kompyuta yetu ilimkosoa Mwana Kupona.

Binti yangu, miaka 11, alikuwa mkekani na kompyuta juu ya kigoda, mdogo wake wa kiume wa miaka 8 kamning'inia begani kama mtoto wa kima. Wiki nzima binti alikuwa anatengeneza gemu ya kupima mizani. Unaandika kipande cha utenzi, paka aliye kwenye kioo anakuhesabia silabi. Zikitimia nane anaruka na kulia nyau, zisipotimia anatikisa kichwa. Nikampa ubeti wa kwanza wa Utendi wa Mwana Kupona aujaribie. Akaandika "Negema wangu binti". Paka akatikisa kichwa: saba. Akaandika kipande cha pili, "mchachefu hasanati". Saba tena.

"Mama," akaniambia bila hata kugeuka, "huyu bibi alikuwa hajui kuhesabu."

Nikabaki na kijiti cha kugeuzia mkononi. Utendi huo ulitungwa mwaka 1858 huko visiwa vya Lamu, mama mgonjwa akimwachia wosia binti yake, beti 102, na toka hapo watu wa pwani wanaukariri bila paka yeyote kuutikisia kichwa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nao moyoni wote. Akitusuka alikuwa anaghani, na ukichezesha kichwa anakugonga na chanuo palepale penye kina. Kwa hiyo nilijua kosa si la Mwana Kupona. Lakini ni la nani sikujua, na mwalimu wa nyumba hii ni mimi.

Nirudi nyuma kidogo.

Kazi yangu ni kutunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Saruji, mabati, misumari ya kilo, leja, na siku hizi Exceli. Baba yao ni dereva wa lori, katika mwezi siku anazolala nyumbani zinahesabika. Tunakaa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, na baba mkwe wangu yuko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Watoto wanakwenda shule kama wenzao, jioni madrasa. Haya ninayoyaeleza ni ya Jumamosi na Jumapili asubuhi, na usiku mmojammoja umeme ukiwepo.

Nilianza kwa hasira. Binti alirudi na daftari, ndani ameandika kwamba mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, chini yake alama ya vema, nyekundu, kubwa. Nikamwambia, haya, nihesabie mizani ya mstari wowote unaoujua. Akanitazama kama nimemwomba aninyanyulie gari. Maana alikuwa nayo, mizani hakuwa nayo. Nikamuuliza mwalimu alisemaje, akajibu mwalimu aliandika ubaoni, wakanakili, kengele ikalia.

Nikataka wapate alichokuwa nacho bibi: tenzi, bao, hesabu za kichwani, hadithi ndefu, Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Bibi alikuwa hajui kusoma herufi za Kirumi hata moja na hakuna aliyethubutu kumwita mjinga. Lakini bibi alikuwa na muda, mimi sina, na wanangu nao wana kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, nacho ni kioo kinachong'aa. Ukiwaambia waje wakae wasikilize utenzi, wanakaa. Macho yako kwenye simu yako.

Kompyuta niliinunua mwaka juzi tulipovunja kikoba. Imetumika, bawaba moja imekufa, herufi H haiandiki mpaka uikandamize kwa kidole gumba, na betri haishiki chaji, ukigusa waya tu imezima. Mwanzoni nilifanya wanavyofanya wengi, nikamaliza bando kupakua magemu ya kujifunzia. Sikulaumu walioyatengeneza, lakini wanangu walichojifunza humo ni kubonyeza. Swali linakuja, majibu manne, wanabonyeza moja baada ya jingine mpaka litoe mlio wa furaha. Siku moja nilimsikia mdogo akimfundisha mtoto wa jirani: "Usisome, sikiliza mlio."

Kijana mmoja wa pale kazini ndiye aliyeniletea Scratch kwenye flashi. Ni programu ya bure iliyotoka MIT kule Marekani, imekuwepo tangu mwaka 2007, hii ya kwetu inafanya kazi bila intaneti, na ukibonyeza kile kiduara cha dunia unaweza kuchagua Kiswahili. Hakuna cha kuandika sana. Amri zimekaa kama matofali ya rangi, unazibandika moja chini ya nyingine, na paka wa rangi ya chungwa anatekeleza. Ukikosea, paka anatekeleza hilohilo kosa, tena kwa uso mkunjufu.

Hicho ndicho kilichonivutia. Sikuwa natafuta mwalimu wa kuwafundisha watoto, nimeshaona walimu wa namna hiyo. Nilitaka wao wapate mwanafunzi, na mwanafunzi mbumbumbu kuliko huyu sijaona. Hajiongezi. Umwambie yote, kwa mpangilio, na kabla hujamwambia sharti wewe mwenyewe uwe unayajua.

Gemu ya kwanza ilikuwa ya masanduku. Ninacho kitabu cha Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Nyerere, iliyotoka mwaka 1969. Nilikuwa nawasomea ile habari ya Portia na masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, anayechagua lenye picha yake ndiye anayemuoa. (Mdogo alidhani sanduku la risasi ni la bunduki, tukapoteza robo saa.) Nikamwambia binti, itengeneze. Akachora masanduku matatu, akaweka picha kwenye lile la dhahabu.

"Mbona picha iko kwenye dhahabu? Hadithi si imesema risasi?"

"Mama, nani atachagua risasi? Watu watashindwa wachukie."

Nikanyamaza. Akawaita watoto wa barazani wacheze. Wote wakabonyeza dhahabu, wote wakashinda, gemu ikaisha kwa nusu dakika na wakaenda zao kucheza mpira. Jioni nilimkuta anaihamisha picha. Sikumuuliza kitu.

Halafu ikaja nyota. Kwenye msahafu kuna alama ya nyota ya pembe nane inayoonyesha robo ya hizbu, moja ya sehemu za Kurani, na mdogo aliitaka hiyohiyo ichorwe na kalamu ya paka. Akampa paka amri: nenda, geuka nyuzi 45, rudia mara nane. Ikatoka pembenane, kama sufuria. Akabahatisha namba wiki nzima mpaka akaangukia 135, ikatoka nyota ya pembe nane kali, akapiga ukelele hadi jirani akauliza kulikoni. Dada yake akaleta juzuu akalinganisha. Siyo. Ya juzuu imenona. Wakaitazama sana kwenye taa, mpaka binti akaona kwamba ni miraba miwili iliyolaliana, wa pili umegeuzwa nusu pembe. Miraba miwili ni kazi rahisi? Jaribu. Paka anaanzia pembeni mwa mraba, kwa hiyo ukimgeuza nyuzi 45 kisha achore wa pili, miraba inashikana kwenye ncha moja kama mabawa ya kipepeo. Ilibidi wamfundishe paka kuinua kalamu, kurudi katikati, kugeuka, kutoka tena mpaka pembeni, ndipo achore. Mimi hesabu hizo za pembe nilifaulu kidato cha nne, na nakiri nilikuwa sijawahi kuziona.

Sasa bao. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo babu yao alipoingia, na mpaka leo hajatoka.

Babu ni mcheza bao wa baraza. Akishaswali alasiri anakaa pale mpaka magharibi, na wakati huo hata umletee habari ya msiba, kwanza atamaliza mkono. Mdogo alitaka kumtengenezea bao la kwenye kompyuta ili babu acheze hata mvua ikinyesha. Bao kamili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Babu akamwambia aanze na bao la kujifunza, kila shimo kete mbili, hakuna nyumba (lile shimo maalumu), hakuna kete za mkononi. "Hata mimi nilianzia hapo," akasema, "na nilikuwa mkubwa kuliko wewe."

Kila mchezaji ana mashimo 16. Mdogo akayapa namba, 1 mpaka 8 safu ya mbele, 9 mpaka 16 safu ya nyuma, akayaandika kama orodha. Mimi nilichangia kitu kimoja tu, na ni ugonjwa wa stoo. Stoo yangu haifungwi kabla mzigo haujalingana na leja. Nikamwambia aweke pembeni mwa kioo namba inayojumlisha kete zote, mashimo yote, wakati wote. Iandike 64 na isitoke hapo, kwa sababu kwenye bao kete huhama, hazizaliwi wala hazifi.

Siku ya majaribio babu alivaa miwani. Watoto wakamwamkia, akaitikia marahaba bila kutoa macho kwenye kioo. Akachagua shimo la 15, kete mbili. Moja ikaenda la 16. Ya pili ilipaswa kuzunguka iingie shimo la kwanza, pale kichwani, na kwa kuwa mbele yake mpinzani ana kete, babu alikuwa anakula. Hakula. Kete ya pili haikuonekana popote. Pembeni pakaandika 63.

"Kete yangu iko wapi?"

"Babu, subiri."

"Nisubiri nini? Nimekula hapa. Mume mwenzangu, unaniibia mchana kweupe?"

Mtoto alikaribia kulia. Mimi nikafanya ninavyofanya mzigo ukipotea, tukaifuata kete shimo kwa shimo. Kwenye orodha, baada ya shimo la 16 paka alikuwa anatafuta shimo la 17. Shimo la 17 halipo, na Scratch ikiambiwa ibadilishe kitu ambacho hakipo haisemi neno, inanyamaza tu na kuendelea. Kete ilikuwa imetupwa mahali pasipokuwepo. Kwenye kazi yangu mtu wa hivyo tunamsimamisha.

Mdogo ndiye aliyepata dawa, na hakuipata kwenye kompyuta. Aliipata ukutani. "Saa ikifika 12 haiendi 13, inarudi moja." Nikamwonyesha namna ya kuisema kwa hesabu: chukua namba ya shimo, gawanya kwa 16, baki lake ongeza moja. Shimo la 15, baki 15, nenda la 16. Shimo la 16, baki sifuri, nenda la kwanza. Shuleni walikuwa wamemaliza kugawanya kwa baki mwezi uliopita na alikuwa amenieleza kwamba baki ni ile takataka inayobaki. Sasa baki ikawa ndiyo njia ya kurudia nyumbani. Babu akarudia mchezo wake, akala, 64 ikasimama. Akavua miwani. "Sasa lilete bao la wakubwa."

Bao la wakubwa bado halijaisha, na nadhani litanizeesha. Kete sita kwenye nyumba, mbili na mbili pembeni yake, 22 mkononi, kunamua (kuingiza kete za mkononi), kutakata (kusambaza bila kula), mambo ya vichwa na kimbi, mashimo ya pembeni. Yote hayo mdogo ameyabandika tofali kwa tofali, na kila jioni alikwenda barazani na daftari kumhoji babu kama polisi. Walikwama kwenye nyumba. Kete ya mwisho ikilalia kwenye nyumba yako, unaweza kulala hapo, au ukaichota nyumba yote ukasafiri.

"Babu, lini unasafiri?"

"Nikitaka."

"Ukitaka lini?"

"Nikitaka, mjukuu wangu. Naangalia bao, nikitaka nasafiri, nisipotaka nalala."

Kwenye matofali yote ya Scratch hakuna tofali la "nikitaka". Mtoto alizunguka nalo siku tatu. Mwishowe akaweka kitufe kikubwa cha kijani, katikati, kinachomsimamisha paka na kumuuliza mchezaji: UNASAFIRI? Akakiita kitufe cha Nikitaka. Kumbukeni kitufe hiki.

Tumrudie sasa paka na Mwana Kupona, vitumbua vinapoa.

Kanuni aliyokuwa nayo paka nilimpa mimi: kila irabu ni silabi moja. Nilijiona nimemrahisishia binti kazi. Sasa kanuni yangu ilikuwa inasema vipande viwili vya mwanzo vya utenzi mashuhuri vimepungua, na cha tatu na cha nne, alipovijaribu, vikapita vizuri, jambo lililozidi kunichanganya. Sikuwa na jibu, nikafanya kitu pekee nilichokuwa nacho. Nikafumba macho nikaghani kwa sauti ya bibi, huku mkono ukipiga mkeka kama chanuo lake lilivyokuwa likipiga kichwa changu. Ne, ge, ma, wa, ngu, bi, n, ti.

"Umepiga nane," mdogo akasema. "Lakini moja umepiga hewa."

"Wapi?"

"Kwenye binti. Hapo kwenye n hakuna kitu, wewe umepiga."

Miaka thelathini na kitu niliimba ile n bila kuisikia. Na kwenye "mchachefu" ni ile m ya mwanzo, inayosimama peke yake bila irabu na inadai pigo lake kama wenzake. Bibi hakuwahi kuniambia neno "silabi". Alinigonga tu pale ilipo.

Binti akamrekebisha paka haraka: n isiyofuatwa na irabu nayo ihesabiwe. Paka akasema tisa, maana sasa alihesabu na ile n ya "wangu", ambayo haisimami, imebebwa na g. Akamwambia paka, basi n ikifuatwa na g, d, j, z au y usiihesabu, ikifuatwa na t ihesabu. Nane. Kwa nini "binti" ni tofauti? Nikamwandikia kwa herufi za Kiarabu, be, nuni, te. Neno limekuja na nuni yake imefunga, sisi tumelitia i mwishoni ili lipate kukaa kwetu, lakini nuni haikukubali kumezwa. Hapo alinielewa haraka kuliko siku zote za hati ya Kiarabu, ambayo kusema kweli alikuwa anaisoma kunifurahisha mimi. Kisha m: ikifuatwa na konsonanti ihesabu, isipokuwa w na y, maana mwana ni mwa-na. Akajaribu ubeti wote. Paka akaruka mara nne. Akaita nyumba nzima.

Nyumba nzima ilikuwa pamoja na babu, aliyekuja kwa ajili ya vitumbua.

"Mke wangu," akamwambia, ndivyo anavyomtania tangu azaliwe, "kwa hiyo paka wako anajua mizani?"

"Anajua, babu. Mpe chochote."

Babu akatafuna taratibu, akameza, akafuta vidole. "Andika. Mbuni chini ya mbuni."

Akaandika. Paka akatikisa kichwa: tisa.

"Nane," babu akasema.

Binti akahesabu mwenyewe kwa vidole, akakunja uso, akaingia kwenye matofali, akaondoa m inayofuatwa na b. Akajaribu tena. Saba.

"Nane," babu akasema, akachukua kitumbua kingine.

Nikahesabu na mimi, na hapo ndipo nilipocheka. Wa kwanza ni ndege, mbu-ni, silabi mbili. Wa mwisho ni mti wa kahawa, m-bu-ni, silabi tatu. Herufi zilezile. "Yule ana mbawa," babu akaeleza, "huyu ana mizizi. Paka wako anaona herufi, haoni kitu." Ukimwambia paka ahesabu m zote anapata tisa, ukimkataza anapata saba, na hakuna kanuni ya herufi itakayompa nane, kwa sababu nane haiko kwenye herufi. Iko kwenye kujua kwamba ndege kajipumzisha kivulini.

Binti alifunga kompyuta kwa kishindo, nikaombea bawaba iliyobaki. Wiki ile hakuigusa. Lakini niligundua anakusanya. Nyuma ya daftari la Sayansi nilikuta orodha: mvua, mvu-a, mvuvi, m-vu-vi. Njaa mbaya, mba-ya. Mtu mbaya, m-ba-ya. Nyumba mbovu, mti mbovu. Kurasa mbili. Mtoto aliyenakili maana ya mizani ubaoni akapewa vema, sasa anakaa kwenye daladala akinong'ona maneno ya watu na kukunja vidole. Kondakta mmoja alidhani anahesabu chenji yake.

Aliyemrudisha kwenye kompyuta ni mdogo wake. "Dada, weka kitufe cha Nikitaka."

Alichukua kama dakika moja kuelewa. Halafu akabomoa gemu yote. Ya sasa paka hahesabu kitu. Kipande cha utenzi kinashuka kutoka juu polepole, kila m na kila n imewekwa rangi ya bluu, na kabla hakijagusa chini wewe mchezaji unagonga zile zinazosimama peke yake na kuziacha zilizobebwa. Ukipatia, paka anaruka. Ukikosea, kipande kinavunjika vipandevipande na unasikia kikohozi cha babu, kikohozi halisi, tulikirekodi.

Majibu inabidi yawekwe kwa mkono, kipande kimoja kimoja, na mwenye majibu ni babu. Malipo yake kahawa na kashata. Anakaa kwenye kigoda, binti anasoma, babu anapiga goti, binti anaandika. Wamefikisha vipande 46. Vingine ni vya tenzi za zamani, vingine babu anavitunga palepale kwa makusudi ya kumkomoa mtu, na vingi vya hivyo vina mbuni ndani. Siku moja umeme ulikatika hawajahifadhi, vikapotea 12. Tangu hapo orodha inaandikwa daftarini kwanza, kompyuta baadaye.

Mwezi uliopita nilimtumia faili mdogo wangu aliyeolewa Muscat, kwa WhatsApp, wanawe wacheze. Wale watoto Kiswahili wanakisikia kwa mama yao, nje ni Kiarabu, na nilitegemea watashindwa mapema. Kwenye vipande vya m walishindwa kweli. Lakini ile n ya "binti" iliyotutoa jasho, mvulana wake wa miaka 10 aliigonga kabla kipande hakijafika katikati. Mama yake alimuuliza amejuaje. Akajibu, kwani neno si bint?

Kisha akafungua matofali, akatia kipande chake mwenyewe, akanitumia sauti. Niliisikilizia jikoni, spika juu, watoto wote wawili wamesimama.

"Mama mkubwa, shikamoo. Nimeandika Sultani yuko wapi. Ni nane, mama amehesabu. Nataka kugonga l ya sultani, haina rangi, haigongeki. Gemu yenu mbovu."

Mdogo alinitazama kuona kama ametukanwa. Dada yake alikuwa ameshainua mkono, anakunja vidole.

"Ge, mu, ye, nu, mbo, vu," akasema. "Sita." Akaenda kuchomeka kompyuta.